Garimoshi la 1899 Juu ya Meza: Ununue Nini Ukiwa Nairobi

Karibu kila anayeanza kujenga reli ndogo ya mfano hapa Nairobi huja na ugonjwa mmoja: anataka Garratt, ile injini ndefu ya mvuke. Namwelewa. Ukisimama Makumbusho ya Reli mbele ya ile 5918, "Mount Gelai", unatamani uikunje uende nayo nyumbani. Shida ni kwamba injini hiyo ilitoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, katikati ya miaka ya 1950. Hata muundo wenyewe wa Garratt uliombewa hataza 1907. Reli ilifika hapa Mei 1899, na palikuwa na mahema, mabati na tope. Jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, alipoona Garratt niliyoazima ikipita kando ya mahema yangu ya karatasi, aliniuliza kwa upole, "Kijana, hawa watu wa kwenye hema wameota ndoto gani?"

Injini za karne ya 19 zilikuwa fupi, na kwa mnunuzi wa Nairobi hiyo ni bahati. Injini fupi hukata kona kali bila kuruka reli, na kona kali ndiyo inayookoa nafasi. Nusu ya shiti moja ya plaiwudi, yaani futi 4 kwa 4, inabeba duara zima la reli yenye upana wa milimita 16.5. Garratt kwenye kona hiyo ni mateso matupu.

Kabla ya kuorodhesha, mambo mawili ambayo picha za mtandaoni hazikuonyeshi.

La kwanza ni stima. Soketi zetu ni volti 240, plagi ya pini tatu za bapa, sawa na Uingereza. Seti ya Marekani huja na adapta ya volti 120. Niliponunua yangu ya kwanza, muuzaji aliniapia kwamba itashika tu. Ilishika kweli, na moshi ukatoka, ila si kwenye bomba la injini. Injini yenyewe haijali umetoka nchi gani, kwa sababu inayoifikia kupitia relini ni volti 12 tu. Kwa hiyo nunua injini popote, lakini kontrola, kile kifaa cha kuendeshea kinachochomekwa ukutani, iwe ya plagi yetu.

La pili ni upana. Reli ya Uganda ilijengwa kwa upana wa mita moja, tofauti na SGR ya leo yenye milimita 1435. Ukipenda ukweli kamili wa vipimo, chaguo lako linabadilika kabisa, na nitalifikia. Wengi wetu tunataka tu jicho likubali, nami napanga orodha hii kwa ajili yao.

Nafasi ya kwanza: Terrier, kipimo cha OO

OO ni 1:76, yaani kila kitu ni kidogo mara 76 kuliko halisi, juu ya reli ya milimita 16.5. Terrier ni injini ndogo ya magurudumu sita, maji na makaa yamo mgongoni mwake mwenyewe bila behewa la kuvuta nyuma. William Stroudley aliibuni kwa ajili ya reli ya London na Brighton, zikaundwa 50 kuanzia 1872. Rangi yake maarufu ni ya manjano iliyokolea, ambayo Stroudley mwenyewe aliiita kijani. Sijui aliyekuwa akimwuzia rangi alikuwa akimwambia nini.

Naiweka mbele kwa sababu ya magurudumu. Yote sita yanagusa reli na yote yananyonya umeme. Vumbi la Nairobi huingia hata dirisha likiwa limefungwa, hasa ukikaa karibu na barabara ya murram, na injini inayonyonya umeme kwa magurudumu machache itasimama kila ikivuka pointi, pale reli inapogawanyika. Terrier hupita. Ukiipaka nyeusi isiyong'aa na kuifungia mabehewa mawili mafupi, mtu asiyejua atadhani imetoka Mombasa ikibeba vyuma. Anayejua ataona si yenyewe, lakini injini za mwanzo za reli yetu sijawahi kuzikuta zikiuzwa zikiwa tayari.

Kampuni ya Hornby ya Uingereza wanaitengeneza. Kuna umbo la zamani na umbo jipya, na masanduku yao hufanana. Mwulize muuzaji kama ina soketi ya chipu ya dijitali, ya kuiongoza injini kwa kodi badala ya volti tu. Jipya linayo, na mwendo wake wa polepole ni mtulivu zaidi, hata kama hutatumia dijitali maishani. Kontrola ya Uingereza inaingia ukutani moja kwa moja.

Dukani humo humo utaiona Rocket, ile injini ya Stephenson ya 1829, na utaipenda. Usiifanye injini ya kwanza. Ni miaka 70 kabla ya Nairobi, na uzito wake ni mdogo sana kwa reli yenye vumbi. Hiyo ni ya kabati la kioo.

Nafasi ya pili: 4-4-0 ya Kimarekani, kipimo cha HO

Namba hizo ni magurudumu: manne madogo mbele, manne makubwa ya kuvuta, na nyuma hakuna. Hii ndiyo injini ya picha: bomba pana kama faneli, taa kubwa mbele, shaba na rangi nyekundu. Kampuni ya Bachmann wamezitengeneza miaka mingi, zikiwemo Jupiter na 119, zile zilizokutanisha pua Promontory Summit huko Utah tarehe 10 Mei 1869, reli ya kuvuka Marekani ilipounganishwa. HO ni 1:87, na hapa vipimo ni sahihi: milimita 16.5 mara 87 inakupa 1435, upana wa reli halisi ya injini hizo.

Mbona basi ya pili? Kwanza, stima niliyoeleza: nunua injini peke yake, si seti. Pili, soko limejaa za mtumba, na matoleo ya zamani yaliweka mota kwenye behewa la makaa, kwa hiyo behewa ndilo linalosukuma injini. Gia za plastiki zilizozeeka hupasuka bila dalili kwa nje. Omba video fupi ikitembea polepole kabisa. Ikikimbia tu ndiyo iende, au ikigonga tik-tik kila mzunguko, achana nayo.

Tena, ndoano zake nyingi ni za kisasa, za kujifunga zenyewe. Marekani ilizilazimisha kwa sheria ya 1893. Kabla ya hapo mtu alisimama katikati ya mabehewa akichomeka pini kwa mkono, na vidole vilipotea. Kama mandhari yako ni ya 1870, ndoano hizo ni kosa. Mimi nimeziacha, kwa sababu kuzibadilisha ni kazi ya macho ya kijana.

Usichanganye nyumba za OO na injini za HO. Reli ni moja lakini mlango wa stesheni utaonekana wa kanisa.

Nafasi ya tatu: kipimo cha G

Hapa ndipo mpenda ukweli anapopata zawadi. Chapa ya LGB ya Ujerumani, iliyoanza 1968, hutumia reli ya milimita 45 kwa kipimo cha 1:22.5. Piga hesabu: mita moja ukigawa kwa 22.5 ni milimita 44.4. Yaani hii, kati ya zote zinazopatikana kwa urahisi, ndiyo reli ya upana wetu hasa. Reli yake ya shaba inavumilia kukaa nje mvua ikinyesha. Ikiwa una uwanja Karen au kwa wazazi Kiambu, hii ingepanda juu ya orodha. Kwa mtu wa ghorofa ya nne Pipeline, haina maana. Bei nayo ni kali, na uzito wa sanduku huongeza gharama ya usafiri. Kumbuka VAT ya asilimia 16 na ushuru wa forodha vinasubiri mzigo, na nauli huingia kwenye hesabu hiyo.

Zinazobaki

Reli ya milimita 12 kwa 1:87 pia ni ya upana wa mita, na kampuni ya Bemo wanaitengeneza, lakini treni zao ni za Uswisi, na utajikuta na milima ya huko. Ni ya mwenye subira na kisu kikali. N, yenye reli ya milimita 9, huingia hata juu ya meza ya kahawa, ila injini ya 1870 katika 1:160 ni nyepesi mno, na punje moja ya vumbi huisimamisha. Treni za betri za supamaketi mpe mtoto.

Ukishapata injini, usiagize mandhari kutoka nje. Mbao ziko Gikomba, taa za njano hafifu ziko Luthuli (nyeupe kali hazina nafasi kwenye dunia ya taa za mafuta), na mabati utayakunja kutoka kwa karatasi ya foili ukiigandamiza juu ya kitana. Kwa umbo la mabehewa, rudi makumbusho uangalie lile ambamo simba alimtoa Charles Ryall, afisa wa polisi, pale Kima mwaka 1900. Uliza kama unaweza kupima.

Kwa kokoto za kati ya mataruma, chekecha murram kwa kichujio cha chai, ioshe, ianike. Halafu pitisha sumaku juu yake mara mbili, kwa sababu chembe za chuma zilizomo hurukia mota na kuisaga polepole.