Kava za siti za ngozi: ipi ununue kama utazivalisha mwenyewe

Kabla ya kuulizia bei, fungua mlango wa mbele uangalie ubavu wa siti. Ukikuta kilebo cha "SRS AIRBAG", ujue mfuko wa hewa umo humo ndani, na kava inayoziba ubavu mzima inaweza kuuzuia kufumka siku ya ajali. Baadhi ya magari tunayoagiza Japani yanao. Ndiyo maana mimi huanza na jinsi kava ilivyoshonwa ubavuni, ngozi baadaye.

Namba moja ni ngozi bandia ya PU (aina ya plastiki laini) iliyokatwa kwa kipimo cha gari lako, yenye ubavu wazi. Mtajie muuzaji modeli na mwaka. Siti za Toyota IST ya 2003 si za IST ya 2010. Igeuze ndani nje palepale dukani, uvute mshono kwa mikono miwili. Matundu ya sindano yakitanuka, mrudishie.

Namba mbili, ngozi halisi. Utaijua kwa nyuma: ina nyuzinyuzi, wakati bandia ina kitambaa. Hudumu sana ikipakwa mafuta yake, ila ni nzito, haivutiki kirahisi, na mara nyingi inataka fundi avue kitambaa cha kiwandani. Usijifunzie hapo.

Mwisho kabisa ni reksini ya saizi moja kwa magari yote. Bei yake inavutia, lakini inateleza kila unaposhuka, na kwa joto la Dar inanata mgongoni. Kwenye siti yenye mfuko wa hewa, usiiweke kabisa.

Siku ya kuvalisha, zianike juani nusu saa zilainike. Chomoa mito ya vichwa, kisha anza na sehemu ya kukalia. Kazi iko kwenye kupenyeza ulimi wa kava, yaani kipande kinachobaki nyuma ya sehemu ya kukalia, kati ya kalio na mgongo wa siti. Mimi husukuma kwa mpini wa mwiko, kisha nauvutia kwa nyuma hadi mikunjo yote iishe. Ndoano zishike chuma cha fremu, kamwe zisishike waya. Soketi ya njano chini ya siti ni ya mfuko wa hewa, usiiguse. Ikibidi kung'oa siti, chomoa kwanza waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90.

Ukimaliza, isogeze siti mbele na nyuma mpaka mwisho huku umeinama ukichungulia chini kama kuna ndoano au waya inayokwama. Kisha funga mikanda yote ya nyuma. Kava ikizika kifungio hata kimoja, ivue uipange upya kabla mtoto hajapanda.