Task Manager ya Windows: mwalimu wa kompyuta ambaye tayari unaye

Nafundisha watu wazima wanaoshika kompyuta kwa mara ya kwanza, na kwa muda mrefu nimetafuta kitu cha kuwasaidia kuyaelewa maneno ya msingi: prosesa, RAM, diski, biti, baiti. Nimepitia vitabu, video na masomo ya kulipia. Kilichonifaa kuliko vyote ni programu inayokuja ndani ya Windows yenyewe, ambayo wengi huikumbuka tu siku kompyuta imeganda: Task Manager.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Windows 10 huenda ukaletewa dirisha dogo lenye majina ya programu tu; bofya More details pale chini. Kwenye Windows 11 menyu iko kushoto. Ingia Performance, darasa liko humo.

Masomo mengi ya wanaoanza humpa mtu maana za kukariri. RAM ni meza, diski ni kabati. Mwanafunzi anaitikia, halafu wiki inayofuata anakwambia kompyuta yake ina RAM ya gigabaiti 500, kumbe hicho ni kiasi cha diski. Simlaumu, maana hajawahi kuviona vitu hivyo vikifanya kazi. Task Manager inavionyesha vikiwa kazini, sekunde kwa sekunde, na ndiyo sababu naipa alama za juu.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote liko kwenye Memory. Mwanafunzi anaandika pembeni kiasi cha RAM kinachotumika, kisha anafungua kivinjari na kurasa kadhaa zenye video. Mstari unapanda mbele ya macho yake. Anakifunga kivinjari, mstari unashuka. Halafu namwambia akaangalie nyaraka na picha zake zilizo kwenye diski: zote zipo, hakuna iliyopotea. Mama mmoja aliutazama ule mstari ukishuka, akasema, "Kumbe hii ni ya kazi inayoendelea, na ile nyingine ni ya kuwekea." Maelezo yake ndiyo ninayoyatumia darasani hadi leo. Ukiona kompyuta ya gigabaiti 8 inaandika 7.8 au karibu na hapo, hujaibiwa. Kuna sehemu iliyotengwa kwa ajili ya vifaa vya ndani, kama chipu ya picha, na kiasi chake kimeandikwa pale pale kwenye Hardware reserved.

Upande wa prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, unaitwa CPU, na unafundisha jambo ambalo maandishi ya kwenye boksi hayafundishi. Boksi linataja kasi moja, tuseme gigahezi 1.6, yaani mizunguko bilioni 1.6 kwa sekunde. Kwenye skrini utaona namba hiyo imeandikwa Base speed, na kando yake kasi ya wakati huo ikipanda na kushuka, mara nyingine hadi juu ya gigahezi 3. Prosesa za siku hizi hujiongezea kasi kazi inapokuwa nzito na kujipunguzia inapokuwa nyepesi. Hapo chini kuna idadi ya viini vyake (Cores) pia, yaani sehemu za prosesa zinazoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja.

Lakini mstari mdogo unaoitwa Up time ndio uliowashangaza wanafunzi wangu zaidi. Unaonyesha mfumo umekaa macho muda gani. Mtu anayezima kompyuta kila jioni anakuta imeandikwa siku kadhaa! Sababu ni kwamba tangu Windows 8, kompyuta nyingi huzima kwa njia ya kuharakisha kuwaka: sehemu ya msingi ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa ilivyokuwa. Ukichagua Restart, mfumo huanza upya kabisa. Ndiyo maana fundi anakwambia "iwashe upya" hata kama umetoka kuizima na kuiwasha, na ndiyo maana mara nyingi inasaidia.

Sasa kasoro, na ya kwanza ni kubwa. Kwenye Disk utaona asilimia 100, na kila anayeanza huamini diski imejaa. Haijajaa. Hiyo ni asilimia ya muda ambao diski iko kazini, na kompyuta yenye diski ya kuzunguka hufika hapo kirahisi kila inapowashwa. Nafasi iliyobaki utaiona kwenye File Explorer, chini ya This PC. Neno moja tu la maelezo kwenye skrini lingewaokoa watu kufuta picha zao bure.

Ya pili, vipimo havifanani. Diski hupimwa kwa baiti, mtandao kwa biti, na baiti 1 ni biti 8. Kwa hiyo intaneti ya Mbps 40, yaani megabiti 40 kwa sekunde, huleta megabaiti 5 kwa sekunde kwa makadirio ya juu, na wala hakuna aliyekupunja. Herufi b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Programu inazitenganisha kwa usahihi ila haikwambii chochote.

Majina ya michakato, yaani programu na huduma zinazoendelea kufanya kazi, kwenye Processes nayo yanatisha bure. Service Host utaikuta mara nyingi katika orodha, na ni huduma za Windows zenyewe. Usiizime kwa sababu tu huijui. Kitufe cha End task hakikuulizi kama umehifadhi kazi yako. Barua uliyokuwa ukiandika inaweza kwenda nayo, kwa hiyo jaribu kwanza kuifunga programu kwa njia ya kawaida, na ikiganda ipe dakika moja.

Wenye Mac wanayo Activity Monitor, na mazoezi haya karibu yote yanafanyika huko. Wa Windows, anzeni na Memory, muiache CPU kwa somo la pili.