Kozi ya Kilatini Malindi: Jumamosi sita juu ya karakana
Kazi yangu ni kuongoza watalii. Kiitaliano nimekiokota ufukweni kama wenzangu wengi wa Malindi, na kwa miaka mingi nilistaajabu kwamba mgeni wa Hispania akizungumza, nusu ya maneno yake nayaelewa bila kufundishwa. Ndiyo sababu nikalipa shilingi elfu nne kwa kozi hii ya Jumamosi sita ya Kilatini, lugha ya Warumi wa kale iliyozizaa zote mbili.

Somo la kwanza pekee lilirudisha fedha yangu. Mwalimu aligonga meza iliyokuwa mbele yake, kisha akaandika ubaoni: mensa, mesa, meza. Alieleza kwamba Warumi wenyewe walikuwa wakiidondosha ile n katika mazungumzo ya kawaida, Wareno wakalirithi neno bila n, na baada ya Vasco da Gama kutia nanga hapa mwaka 1498 likapata njia ya kuingia majumbani mwetu. Mvinyo ni vinum iliyopitia vinho. Leso ni lenço, na asili yake ni linteum, kitambaa cha kitani. Mama mmoja aliyejifunga leso yake alijitazama, akacheka.

Habari za asili zilielezwa kwa ufupi unaofaa. Kilatini kilikuwa lugha ya eneo dogo la Latium, karibu na mto Tiber. Herufi zake zilitoka kwa Waetruski, watu wa kale wa Italia, ambao nao walizichukua kwa Wagiriki, na majeshi ya Roma ndiyo yaliyokisambaza. Kilichozaa Kiitaliano, Kihispania, Kireno, Kifaransa na Kiromania si Kilatini cha mahatibu, bali kile cha askari na wachuuzi.

Lililonivutia zaidi ni sarufi. Amabo ni "nitapenda", amabimus ni "tutapenda": neno moja linabeba mtenda, wakati na tendo, sawasawa na letu, isipokuwa sisi tunapachika viambishi mbele nao wanapachika nyuma. Aidha, sikutarajia kuambiwa kwamba sirati, yaani njia, neno nililolijua tangu chuo cha Kurani, lilianza kama strata, barabara ya Kirumi iliyotandazwa mawe, likapita katika Kigiriki na Kiaramu ndipo likafika katika Kiarabu. Kasri nayo ina asili ya ngome ya Kirumi, castrum.

Kasoro zipo. Somo la tano lilikimbizwa, na humo mwalimu alisema kwamba Kiingereza ni mtoto wa Kilatini. Sivyo: Kiingereza ni ndugu wa Kijerumani, na maneno yake mengi ya Kilatini yaliletwa na Kifaransa baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066. Nilipomkumbusha alikubali kwa uungwana, lakini nakala tulizogawiwa hazikusahihishwa, tena zilikuwa hafifu kiasi cha kusomeka kwa kukisia.

Anayetaka kuzungumza na wageni kesho asubuhi atafute darasa la Kiitaliano, kwa kuwa hapa hatafundishwa hata kuagiza chai. Anayependa maneno ajiandikishe bila kusita, ila awahi kukaa mbele, upande wa dirisha la baharini. Chini ya chumba kuna fundi wa kuchomelea vyuma, na ukikaa nyuma kelele zake humeza silabi za mwisho za kila neno, ambako Kilatini kimeweka habari zake zote.