Sakafu ya kuinuliwa kwenye chumba cha seva: miezi minane baadaye

Sakafu ya kuinuliwa ni vigae vinavyokaa juu ya nguzo fupi, chini yake kukiwa na nafasi ya nyaya na hewa baridi. Tuliiweka kwenye chumba chetu cha seva, Upper Hill, Nairobi, miezi minane iliyopita. Mimi ndiye ninayeifungua kila wiki, kwa hiyo naongea kwa kuishika.

Vigae vyenyewe ni bora kabisa. Ni vya chuma, sentimita 60 kwa 60, vimejazwa saruji ndani. Ukisukuma kabati zito la seva juu yake, husikii kikibonyea. Vile vya zamani vilikuwa vya mbao iliyosagwa; bomba la kiyoyozi lilivuja Jumapili moja, Jumatatu tukavikuta vimeumuka kama mandazi. Sitaki kuviona tena.

Lawama yangu ni kwa ufungaji. Mafundi walikata matundu ya kupitishia nyaya wakayaacha wazi, bila brashi wala mpira wa kuziba. Hewa baridi inayotakiwa kupanda kupitia vigae vyenye vitundu mbele ya seva ikawa inapotelea nyuma, na seva za juu zikawa zinachemka. Niliziba mwenyewe na joto likashuka siku hiyo hiyo. Nguzo tatu pia hazikuwa na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Kwa hilo waliitika haraka, wakarekebisha bila malipo.

Ukinunua, dai kile kishikio cha mpira cha kunyonya kigae. Nimeona mtu akichokonoa kwa bisibisi, kona ikapinda, na sasa kigae hicho hakikai sawa. Na usifungue safu nzima kwa mpigo: nguzo zikikosa kushikana, sakafu inayumba.