Wiki 6 za Python katikati ya Nairobi: tathmini ya darasa la jioni

Kwa muda wa wiki 6, kila Jumanne na Alhamisi baada ya kazi, nimehudhuria darasa la jioni la Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, katika jengo lililo karibu na Moi Avenue. Ninaandika kwa ajili ya yeyote anayejiuliza kama ada ya shilingi 9,000 inastahili kulipwa. Kwa maoni yangu inastahili, hasa kwa sababu ya wiki ya tatu na ya nne, tulipofundishwa upeo wa vigeu (yaani ni sehemu gani ya programu inayolitambua jina lililopewa thamani) na namna objekti za klasi moja, yaani vitu vinavyoundwa kwa kiolezo kimoja, zinavyotumia data kwa pamoja. Wiki mbili za mwanzo hazina jipya kwa mtu aliyekwisha kuandika funksheni zake mwenyewe, yaani vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina.

Mwalimu alichagua mfano wa chama cha kuchanga na kukopeshana pesa, na hapakuwa na mtu darasani asiyejua chama kinavyoendeshwa. Tuliunda klasi ya Mwanachama, tukaandika kiwango cha riba na orodha tupu ya michango moja kwa moja katika mwili wa klasi. Tulipoingiza mchango wa shilingi 500 wa mwanachama wa kwanza, ulionekana pia kwa wa pili na wa tatu, ambao hawakuwa wametoa chochote. Mwalimu hakutupa jibu, bali alituacha tuhangaike kwa karibu nusu saa, nami namshukuru kwa hilo. Orodha iliyoandikwa katika mwili wa klasi ni moja tu na objekti zote huitumia, ilhali inayoundwa ndani ya __init__ (funksheni inayoendeshwa objekti inapoundwa) kupitia self (jina la objekti yenyewe) huwa mali ya objekti moja. Riba nayo ilikuwa na tabia tofauti: tulipompa mwanachama mmoja kiwango chake, wenzake walibaki na kile cha awali, kwa kuwa kukipa kigeu thamani kupitia objekti huunda jina jipya ndani ya objekti hiyo pekee, lakini kuongeza kitu kwenye orodha huibadilisha orodha ileile ambayo wote wanaiona. Nimeandika Python kazini mwaka mzima bila kuijua tofauti hii, na sasa ninaelewa kwa nini hesabu zangu za stoo zilikuwa zikichanganyika.

Somo la upeo lilifundishwa kwa uangalifu uleule. Python hutafuta jina kwanza ndani ya funksheni, kisha katika funksheni inayoizingira, kisha katika faili nzima, na mwisho miongoni mwa majina ya lugha yenyewe. Mwili wa klasi haumo katika njia hiyo, kwa hiyo funksheni iliyo ndani ya klasi haiwezi kuisoma riba kwa jina tupu, bali kupitia self au jina la klasi.

Kasoro kubwa ni wiki ya mwisho. Suala la faili kadhaa kutumia data moja lilipewa jioni moja tu, na wengi wetu tuliondoka tukiwa tumejaza neno global, linaloiruhusu funksheni kubadilisha kigeu cha faili nzima, kila mahali, jambo ambalo mwalimu mwenyewe alikuwa ametuonya dhidi yake. Soketi za umeme pia ni chache, hivyo mwenye kompyuta isiyokaa na chaji afike kabla ya saa kumi na mbili apate kiti karibu na ukuta.