Mashine ya kupimia sukari ya binadamu kwenye sikio la paka: miezi saba na Sheha

Nilichonunua ni mashine ya kawaida ya kupimia sukari, ile ya kuchoma kidole, inayouzwa duka la dawa lolote hapa Unguja. Mgonjwa wangu ni paka.

Sheha ni dume aliyehasiwa, ana miaka kumi na moja, na kabla ya kuumwa alikuwa na kilo saba na ushei. Jina hilo, ambalo huku ni cheo cha kiongozi wa mtaa, tulimpa kwa sababu kutwa anakaa kizingitini na hapiti mgeni asiyemkagua. Mwaka jana kuelekea mwisho nikaanza kumkuta ameinamia ndoo ya kutawadhia, anakunywa kama punda. Mchanga wake wa haja niliokuwa nikiubadilisha mara moja kwa siku ukawa unaloa kabla ya adhuhuri. Anakula, anadai tena, na huku uti wa mgongo unaonekana. Kilichonitoa roho ni miguu ya nyuma: akawa anatembelea visigino, kama mtu aliyevaa ndara zisizo zake. Daktari wa mifugo akasema hayo ni mishipa ya fahamu iliyodhurika kwa sukari. Damu ilisoma 24 (ni milimoli kwa lita, kama namba zote za sukari hapa), yaani sukari iko juu sana. Akapima na mkojo, maana paka akiingiwa na hofu sukari hupanda yenyewe, na damu ya kliniki peke yake inaweza kumsingizia. Mkojo nao ulikuwa na sukari, ila ketoni, zile taka za mafuta yanayochomwa mwili ukikosa insulini, hakuna.

Bi Mkubwa, mama yangu, ambaye naye ana kisukari, alisikiliza yote kisha akauliza: "Mimi ndiye niliyemwambukiza?"

Tukaanzishiwa insulini ya glargine, ile inayofanya kazi kwa muda mrefu, yuniti moja kila baada ya saa kumi na mbili. Hapa saa zetu za Kiswahili zimenisaidia kweli: saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni, huna cha kukumbuka. Ramadhani nayo imekwenda vizuri, azana ya magharibi ikilia sisi tunafungulia tende, Sheha sindano.

Duka la dawa nilipokwenda kuchukua mashine na mabomba ya sindano, muuzaji aliniuliza mgonjwa ana umri gani. Miaka kumi na moja, nikamjibu. "Maskini, mtoto mdogo hivyo! Pole sana dada." Nilipomwambia ni paka, duka zima likageuka. Lakini pamoja na vicheko vyote, yule kijana alinifaa: alinitafutia mabomba madogo ya mililita 0.3 yenye alama za nusu yuniti. Usikubali lile la mililita moja, yuniti moja humo ni uzi tu, huioni. Na hakikisha bomba linaendana na chupa. Ziko insulini za mifugo za yuniti 40 kwa mililita, na mabomba mengi ya madukani ni ya zile za yuniti 100. Ukivichanganya, unampa mnyama dozi nyingine kabisa ukidhani umefuata maagizo.

Sasa mashine yenyewe. Wiki ya kwanza nilitaka kuirudisha. Nilianza na stripu (vile vipande vya kupokelea tone la damu) alizokuwa nazo Bi Mkubwa kabatini, kumbe zimepitwa na wakati, namba zikawa zinaruka ovyo. Nikanunua kopo jipya la stripu 50, na kumi na mbili za mwanzo zote nikazipoteza: tone halitoshi, mashine inaandika kosa, paka keshaingia chini ya kitanda. Mlio wake ndio ulioniudhi zaidi. Inalia ukiingiza stripu, inalia ikipata damu, inalia ikitoa jibu. Sheha akajua kwamba mlio wa kwanza maana yake ni sindano ya sikio, na kabla sijamshika hayupo. Siku ya tisa ndipo nilipogundua mlio unazimika. Kwenye karatasi ya maelezo wameuandika nyuma kabisa, kwa herufi za mchwa.

Ufundi wa sikio nilijifunza kwa kukosea. Sikio la baridi halitoi damu, kwa hiyo natia mchele mkavu kwenye soksi safi, naupasha, nalibana nayo sikio kwa dakika moja. (Mchele huo ndio pekee aliobakishiwa Sheha nyumba hii, nitaeleza.) Napaka vaselini kidogo sana ili tone lisimame lisitambae kwenye manyoya. Nachoma ukingoni, nje ya ule mshipa unaouona ukiliangalia sikio kwenye mwanga, na nyuma ya sikio naweka pamba nisijichome mwenyewe. Tone likiwa kama kichwa cha pini linatosha, stripu inalinyonya. Kisha kipande cha kuku. Siku hizi akiniona na soksi anakuja mwenyewe.

Lakini usiichukulie namba yake kama ya maabara. Mashine hizi zimepimiwa damu ya binadamu, na kwa paka kwa kawaida husoma chini kuliko ilivyo. Ziko za wanyama, ghali zaidi, na mimi sikuzipata hapa. Daktari wangu ameridhika na hii kwa sharti moja: nisiibadilishe katikati, na tuangalie mwenendo, siyo namba moja. Kwa mtu mwenye hofu kama mimi, afadhali mashine inayokosea kwa kushuka, inanizuia kuchoma.

Na kuna usiku ilinilipa gharama yote. Sheha alikuwa analishwa kama tunavyolishana sote: wali na mchuzi wa samaki, kipande cha mkate wa kumimina kutoka mkononi mwa Bi Mkubwa, chai ya maziwa kwenye kisahani. Daktari akasema wanga uondoke. Hata biskuti za paka za dukani zina wanga mwingi, bora chakula laini cha kopo na nyama. Nikauondoa wote kwa mkupuo mmoja, na wakati huo dozi ilikuwa imeshapanda hadi yuniti mbili. Sikumpigia daktari simu. Siku ya sita, saa nne usiku, Sheha akasimama katikati ya ukumbi anayumba, ananitazama kama hanijui. Nikapima: sukari imeshuka hadi 2.8. Nikampaka asali kwenye fizi, kidole kinatetemeka, nikampa chakula, nikapima tena baada ya robo saa: 3.9. Kisha 5.2. Usiku ule nilitumia stripu saba. Asubuhi daktari akaishusha dozi nusu na akanisema vizuri tu, nilistahili. Chakula kikibadilika, insulini ipunguzwe kwa kupima, wala si kwa kukisia.

Bila mashine ningedhani ni uzee, ningesubiri kuche.

Gharama ipo kwenye stripu, si kwenye mashine. Ukipima mara mbili kwa siku, kopo la 50 linakwisha siku ya 25. Na wakati wa kaskazi unyevu wa huku unaziharibu ukiacha kifuniko wazi, hata ukiwa mbioni kumfukuza paka. Insulini naiweka friji, mlangoni, mbali na sehemu ya barafu kwa sababu ikiganda haifai tena. Sisi tuliokaa gizani, Unguja nzima bila umeme, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hatuiamini friji, kwa hiyo nina chupa ya chai yenye mdomo mpana ya kuihifadhia umeme ukikatika.

Nyota nne. Moja nimeikata kwa ajili ya ule mlio.

Mwezi uliopita Sheha alifika kilo tano na nusu, anatembea kwa vidole, na daktari amemsimamisha sindano kwa majaribio, maana wako paka ambao wakidhibitiwa mapema kongosho hurudi kazini. Napima mara mbili kwa wiki. Bi Mkubwa, aliyekuwa ameitupa mashine yake kabatini miaka miwili, ameitoa na kuinunulia stripu zake, na siku ninazompima paka naye hukaa hapo hapo kwenye jamvi. Jana Sheha alisoma 6.3. Yeye 9.8.

"Mpime tena huyo," akasema.