Darubini ya kutazama Mwezi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Boksi likiwa limeandikwa "mara 525" kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni, lirudishe kwenye rafu. Namba hiyo hupatikana kwa kubandika lenzi ndogo juu ya lenzi ndogo nyingine, na unachokiona mwisho wa safari ni kiwingu cheupe kinachotetemeka. Kikomo cha kweli ni takriban mara mbili ya upana wa lenzi au kioo cha mbele kwa milimita. Kwa hiyo darubini ya mm 60 itavumilia mara 120 hivi, tena usiku hewa ikiwa imetulia.

Anayenunua kwa ajili ya Mwezi aulize mambo matatu: upana wa mbele, uimara wa stendi, na kama darubini inaweza kuelekea juu utosini bila kugombana na stendi yake. Hilo la tatu miongozo ya Ulaya hailisemi sana, maana kule Mwezi mara nyingi hupita pembeni. Huku kwetu karibu na Ikweta, nusu mwezi wa jioni husimama karibu kichwani. Darubini isiyoweza kufika huko utaitumia kutazamia minazi.

Unanunua uone nini

Mwezi umehifadhi kurasa za historia ambazo Dunia imeshazifuta. Maelezo yanayokubaliwa na wanasayansi wengi ni kwamba, takriban miaka bilioni 4.5 iliyopita, gimba lenye ukubwa kama wa Mirihi, ambalo limepewa jina la Theia, liliigonga Dunia ikiwa bado changa. Vifusi vilivyoruka vikajikusanya, vikawa Mwezi. Ushahidi mzito ni kilo 382 za mawe na udongo walizorudi nazo wanaanga wa Apollo kati ya 1969 na 1972. Isotopu za oksijeni zilizomo, yaani aina za oksijeni zinazotofautiana kwa uzito, zinalingana karibu kabisa na za miamba ya Dunia. Halafu Mwezi una kiini kidogo sana cha chuma, jambo linaloeleweka ikiwa ulitokana zaidi na tabaka za juu na si na kitovu.

Mwanzoni uso wake wote ulikuwa mwamba ulioyeyuka. Madini mepesi yakaelea juu na kuganda. Hizo ndizo sehemu nyeupe unazoziona hata kwa macho. Baadaye lava ikapanda na kujaza mabonde makubwa yaliyochimbwa na magimba yaliyougonga Mwezi, nyingi yake zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Hayo ndiyo madoa meusi. Ni basalti, mwamba wa jamii ileile inayotoka kwenye volkano za Bonde la Ufa.

Dunia nayo ilipigwa kipindi hichohicho, na kwa kuwa ni kubwa ilipigwa zaidi. Ila huku kuna mvua, mito, volkano na mabamba ya ardhi yanayosogea. Kovu la Vredefort kule Afrika Kusini lina zaidi ya miaka bilioni 2, na limeliwa hadi inabidi uambiwe ndipo ulitambue. Kimondo cha Mbozi, donge la chuma la takriban tani 16 lililoko mkoani Songwe, kinakumbusha kwamba mawe ya angani hayajaacha kudondoka. Kwenye Mwezi hakuna upepo wala maji, kwa hiyo kovu la miaka bilioni 3 bado lina kingo.

Kosa la wengi ni kuchagua usiku wa mwezi mpevu. Jua likiwa limeupiga Mwezi usoni, vivuli hakuna, na bila vivuli kreta, yaani yale mashimo ya kugongwa, hazionekani vizuri. Mtu wa pwani hahitaji hata programu ya simu kujua siku nzuri, kwani wavuvi wanazijua kwa maji. Bamvua huja Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji mafu huja Mwezi ukiwa nusu, na siku hizo ndizo za darubini, hasa za nusu ya kwanza, siku ya saba au ya nane baada ya mwandamo. Tazama pale mwanga unapokutana na giza. Kupwa na kujaa kwa maji nako ni sehemu ya historia hiyohiyo. Msuguano wake unaipunguzia Dunia mwendo na kuusukuma Mwezi mbali kwa sentimita 3.8 kila mwaka, kipimo kilichopatikana kwa kurusha miale ya leza kwenye vioo vilivyoachwa huko na Apollo.

Sasa twende dukani. Bei nilizoweka ni za masoko ya nje, kabla ya usafiri na ushuru, na hivyo viwili vinaweza kukushtua kuliko bei yenyewe.

1. Darubini ya kioo ya kuweka mezani, mm 130 au 150

Hii ndiyo ningemwambia ndugu yangu anunue. Ni bomba fupi lenye kioo chini, limekaa juu ya kibao kinachozunguka. Wenyewe wanaziita Dobson, kwa jina la John Dobson aliyeusambaza mtindo huo Marekani. Hakuna miguu mitatu ya kutetemeka wala pa kukwaruzana ikielekezwa juu, na unachungulia kwa ubavuni, hivyo shingo haiumii Mwezi ukiwa utosini. Sky-Watcher Heritage 130P ni mfano unaojulikana, na kuna ndugu zake wa kampuni nyingine. Tarajia dola 200 hadi 300.

Hewa ikitulia, mm 130 inatenganisha vitu vya chini ya kilomita 2 kwenye Mwezi, ulio umbali wa wastani wa kilomita 384,400. Hiyo ina maana gani? Ngorongoro ina upana wa kilomita 19 hivi. Kwenye darubini hii, kreta ya ukubwa huo si nukta. Ina ukuta, ina sakafu, ina kivuli cha ukuta kimelala sakafuni. Copernicus, yenye kilomita 93, inakuonyesha kuta zilizoporomoka kwa ngazi na vilima katikati, pale ardhi iliporuka juu baada ya kugongwa. (Ngorongoro yenyewe haikugongwa na kitu, ni volkano iliyojiangukia. Umbo linafanana, chanzo mbalimbali.) Utaiona pia Rupes Recta, mstari ulionyooka wa kilomita 110 hivi. Ni ufa ambapo upande mmoja wa ardhi umeshuka, kama kuta za Bonde la Ufa, isipokuwa huu haukupata mto wa kuukata wala msitu wa kuufunika.

Kasoro zipo. Inataka kitu imara cha kuikalisha: meza ya plastiki haifai, kreti ya soda iliyopinduliwa juu ya sakafu ya saruji inafaa sana, nawe ukakaa kwenye kigoda. Vioo vinahitaji kupangwa upya mara kwa mara kwa bisibisi au kwa mkono. Si kazi ya fundi, utaizoea. Lenzi mbili za kuchungulia zinazokuja nayo, kwa kawaida mm 25 na mm 10 (hapa milimita si upana bali urefu wa fokasi: namba ikiwa ndogo, ukuzaji ni mkubwa), kwenye 130P zinakupa mara 26 na mara 65. Tenga fedha ya lenzi moja ya mm 5 ufike mara 130. Na ikiwa bomba lake ni la wazi, lishonee mfuko. Vumbi na chumvi ya pwani havingoji.

2. Darubini ya macho mawili, 10x50

Mfuko ukiwa mwepesi, anzia hapa, tena bila aibu. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi za mbele kwa milimita. Nzuri inapatikana chini ya dola 100, na Mwezi ukikuchosha inakwenda nawe Mikumi au uwanjani.

Ukiishika mkononi, mapigo ya moyo wako yanaonekana kwenye Mwezi. Egemea ukuta, au lala chali kwenye jamvi, au nunua kile chuma kidogo cha kuifunga kwenye stendi ya kamera. Ikitulia, kreta ya ukubwa wa Ngorongoro inakuwa alama ndogo tu, lakini mgawanyo mkubwa wa Mwezi unauona wote kwa pamoja: nyanda nyeupe, yale madoa meusi ya basalti yanayoitwa bahari, safu ya milima ya Apennine ambayo ni ukingo wa bonde la Imbrium. Hapo hata mwezi mpevu una faida yake. Utaiona Tycho, kreta ya kilomita 85 iliyochimbwa takriban miaka milioni 108 iliyopita, Dunia ikiwa bado na dinosaria, na michirizi yake myeupe imetapakaa pande zote.

Dukani fanya hivi. Ishike mbali na uso, uelekeze kwenye mwanga, uangalie vile viduara viwili vya mwanga nyuma: viwe duara kamili. Vikiwa na kona zilizokatwa, vioo vya ndani ni vidogo. Lenzi za mbele zinazong'aa nyekundu kama taa ya breki, acha. Zenye "zoom", acha. Tazama bango la mbali kwa dakika moja: ukisikia macho yanavutwa, mabomba mawili hayajalingana na hakuna atakayeyalinganisha. Kwa mtumba, mulika tochi upande mmoja na kuchungulia upande mwingine. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu, na kuvu wa lenzi hasafishiki kirahisi.

3. Dobson ya inchi 8 (mm 200 hivi)

Kwa picha inayoonekana, hii inazishinda zote hapa. Inashuka hadi vitu vya kilomita 1 hivi. Bonde la Alps la huko Mwezini litaonekana na, usiku mzuri sana, hata mfereji mwembamba wa lava uliopita katikati yake. Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja tu: ina kilo 20 na zaidi, na bomba lake lina urefu wa zaidi ya mita moja. Mwenye nyumba ya chini na ua wake, aipandishe iwe ya kwanza. Anayekaa ghorofa ya tatu bila lifti ataitoa mara mbili, kisha itageuka kabati la kutundikia nguo. Dola 500 hadi 700, na usafirishaji wake kutoka nje ni shughuli.

4. Maksutov, mm 90 hadi 127

Ni darubini ya kioo iliyo fupi, nene, imefungwa mbele kwa lenzi, kwa hiyo vumbi haliingii. Inapenda ukuzaji mkubwa, na Mwezi ndio uwanja wake. Kwa mwenye roshani tu ningesema ndiyo mara moja. Lakini ukiitoa chumba chenye kiyoyozi na kuipeleka nje usiku wa Dar au Mombasa, lenzi ya mbele inalowa papo hapo. Iache kwanza izoee joto la nje, na baada ya kazi ihifadhi na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Bei yake kwa kila milimita ya upana ni kubwa kuliko ya Dobson, na stendi mara nyingi inauzwa kando.

5. Darubini ya lenzi, mm 70, stendi ya miguu mitatu

Inafaa, hasa kwa mtoto, ikiwa stendi ni ya chuma kisicholegea na lenzi za kuchungulia ni za upana wa inchi 1.25. Tatizo ni lile la utosini: nyuma ya bomba inagonga miguu ya stendi. Tazama mapema jioni siku ya nne au ya tano ya mwezi mchanga, au usubiri Mwezi ushuke magharibi. Na ujue kioo chake cha kona kinageuza kushoto kuwa kulia, ramani ya Mwezi isikuchanganye.

6. Zile za kisasa zinazotuma picha kwenye simu

ZWO Seestar S50 na wenzake ni mashine za ajabu kwa mawingu ya nyota ya mbali. Kwa Mwezi, lenzi ya mm 50 inabaki kuwa lenzi ya mm 50, na hakuna mahali pa kuweka jicho. Mimi kwa Mwezi sinunui.

Za kuacha

Ya kwanza ni yoyote yenye stendi ya ikweta ya bei nafuu. Jina linadanganya: stendi hiyo inataka mhimili wake uinamishwe sawa na latitudo ya mahali ulipo, na nyingi haziwezi kushuka chini ya nyuzi 15 au 20. Nairobi ni nyuzi 1, Dar ni karibu 7. Hata ikilazimishwa, chuma cha kusawazisha uzito kinagonga miguu.

Ya pili ni kichujio kidogo kilichoandikwa "Sun" kinachofungwa kwenye lenzi ya kuchungulia. Kikija bure ndani ya boksi, kivunje na ukitupe. Joto la Jua hukipasua ghafla, jicho likiwa hapohapo.

Ya tatu ni ile ya "mara 525". Kama umeshaletewa zawadi, haijaharibika kila kitu. Weka kando kikuzaji cha ziada na lenzi ya mm 4, baki na ile ya mm 20. Fupisha miguu ya stendi yote, ning'iniza chupa ya lita tano yenye maji katikati yake ili itulie, kaa chini, na usubiri siku za maji mafu. Ikiwa fokasi iliyoandikwa kwenye bomba ni mm 700, igawe kwa 20: utakuwa na mara 35, na kwa mara 35 Copernicus inaonekana.